Mama Hashimu na Vidato Vyake Vinne vya Mboji

Kabla sijaandika habari za mtu mwingine, nina jambo langu ambalo sijamwambia yeyote, si mama yangu, si mchungaji, wala Dotto ninayeshirikiana naye chumba. Ninaitaka kazi ya mboji. Shangazi ameshanitafutia nafasi katika chuo cha hoteli huko Tanga, mama ameshanunua sanduku la safari, na kila wakiniuliza kama nimefurahi nasema ndiyo. Lakini moyo wangu uko nyuma ya jiko la shule, kwenye marundo manne yanayofuka mvuke asubuhi. Haya, nimesema. Sasa naweza kuandika nilichotumwa.

Bi Mwajuma Shekimweri, ambaye sote tunamwita Mama Hashimu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya kuitumikia Shule ya Wasichana Kwezindo kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia akiwa msaidizi wa jiko, anatoka akiwa mpishi mkuu. Amepika chini ya wakuu wa shule watano, na wote watano amewahi kuwaambia kwamba chumvi si jambo la kujadiliwa kwenye kikao.

Alizaliwa Lukozi, na nyumbani kwake bado ni Lukozi. Kila Jumamosi mchana huondoka shuleni na kapu lake kwenda kuona wajukuu, na Jumapili jioni hurudi. Tangu nimeanza kusaidia jikoni, baada ya kumaliza kidato cha nne hapa hapa mwaka jana, nimejifunza kuijua saa ya kurudi kwake bila kutazama saa. Sauti yake hufika kabla yake. Huanza kumsalimia Aron, mlinzi wetu, akiwa bado kwenye kona ya chini ya barabara, na Aron husimama wima langoni kana kwamba bendera inapandishwa.

Alipoajiriwa hakuna aliyemtajia mboji. Hiyo alijiajiri mwenyewe, na hakuanza kwa kuupenda udongo. Alianza kwa ugomvi na kima.

Zamani, taka zote za jikoni zilimwagwa korongoni nyuma ya shule. Maganda ya viazi, majani ya kabichi, maganda ya ndizi, vyote huko. Kima walitoka msituni, wakala, wakanogewa, na baada ya muda wakaona hakuna haja ya kusubiri maganda wakati viazi vyenyewe viko jikoni. Siku moja kima mmoja aliingia dirishani, akabeba papai lililokuwa la mgeni rasmi, akaketi juu ya paa la bwalo akilila huku akimtazama Mama Hashimu usoni. Mama Hashimu husema angesamehe wizi, lakini si ule utazamaji. Kesho yake alichimba shimo, akazika taka zote, akafunika, akasema, "Sasa njooni mle udongo."

Rundo lake la kwanza, kwa ukweli, lilikuwa aibu. Alitia kila kitu: ugali uliolala, vichwa vya dagaa, mchuzi. Lilinuka mpaka siku ya mahafali kwaya ikaimba wimbo mmoja badala ya nyimbo tatu na kushuka jukwaani. La pili alilimwagia maji mengi kwa kuhurumia kiu yake, likawa uji. La tatu alilitia maganda makavu ya mahindi peke yake, likakaa mwaka mzima bila kubadilika, na mpaka leo anasema lile lilikuwa rundo kaidi kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua, isipokuwa marehemu mumewe. La nne ndilo lililokubali. Hapo alikuwa amekwenda kuuliza kwa wakulima wenzake kule Lukozi, akachekwa kidogo, akafundishwa, naye akarudi akiwa na mambo ambayo sasa kila msichana wa Kwezindo anayajua kama anavyojua wimbo wa shule.

Ni haya. Kilichopikwa hakiingii kwenye mboji, huenda kwa kuku. Maganda mabichi lazima yalazwe na kitu kikavu, na sisi tuna bahati ya maranda yanayotoka kwenye viwanda vya mbao vya Shume. Tabaka la maganda, tabaka la maranda, samadi kidogo, majivu kiasi cha kunyunyiza, udongo kiganjani kama mtu anayeaga maiti, halafu majani ya mgomba juu ili mvua isizamishe. Rundo likiwa na maji kupita kiasi hunuka, likikauka hulala. Linataka unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na linataka kupinduliwa ili lipumue.

Hayo yote mtu anaweza kufundishwa popote. Kilicho cha Mama Hashimu peke yake ni vidato.

Marundo yetu ni manne, na kila moja ni darasa. Taka za leo huingia Kidato cha Kwanza. Huko, anasema, maganda bado yana kiburi, kila moja linaamini ni kiazi. Yakianza kulainika hupinduliwa na kuhamia Kidato cha Pili, ambako joto hupanda mpaka mvuke unatoka, naye huliita joto la ujana na kusema halina dawa ila kusubiri lipite. Kidato cha Tatu hupoa, nyungunyungu wanaingia, kila kitu kinaanza kusahau kilikuwa nini. Kidato cha Nne ni cheusi, laini, na kinanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ndipo hupitishwa kwenye chekeche la waya, na huo ndio mtihani wa mwisho. Kinachopita huhitimu na kupata ajira kwenye matuta ya karoti na spinachi. Kinachobaki juu ya waya hurudia darasa. Kuna kokwa moja la parachichi limekuwa Kidato cha Kwanza tangu mimi nikiwa kidato cha kwanza. Mimi nimemaliza, lenyewe bado linasoma.

Ndani ya kila rundo kuna fimbo ndefu iliyochomekwa mpaka katikati. Ukiichomoa na kuishika, unajua hali ya ndani: ikiwa ya moto na yenye unyevu, mambo ni mazuri, na ikiwa ya baridi na yenye harufu mbaya, kuna shida. Fimbo hiyo inaitwa Monita, kwa sababu kazi yake ni kukaa darasani na wenzake kisha kutoa taarifa nje.

Wakaguzi na wageni huja, na wote hupelekwa kuona maabara, halafu wenyewe huomba kuonyeshwa vidato vya nyuma ya jiko. Mwaka ule mvua za vuli zilipokosekana na kabichi sokoni Lushoto ikawa haishikiki, sisi tulikula mboga zetu wenyewe muhula mzima, mpaka wasichana wakaandika barua ya kuomba siku moja bila spinachi. Mama Hashimu aliisoma barua hiyo kwa sauti bwaloni, akaisifu kwa mwandiko mzuri, akaipeleka Kidato cha Kwanza.

Lakini kazi kubwa ya mboji, wala msidanganywe, si jembe. Ni kelele. Wasichana mia tatu wanapita mbele ya ndoo za taka mara tatu kwa siku, na kila mmoja ana kitu mkononi ambacho hakitakiwi kuingia. Huwezi kumsalimia Mama Hashimu ukapita hivi hivi.

"Shikamoo, Mama Hashimu."

"Marahaba. Hicho kifuko cha karanga kinakwenda wapi?"

"Naenda kukitupa, Mama."

"Kukitupa wapi? Nyungunyungu wangu wavae?"

Akikasirika sana huhamia Kishambaa. Mwalimu Kristian, mkuu wetu wa shule, ametokea Singida na hajui Kishambaa, lakini amesema wazi kwamba Mama Hashimu akifikia hapo yeye hufunga mlango wa ofisi kwanza na kuuliza baadaye.

Mwalimu Kristian ndiye aliyesema, katika kikao cha wafanyakazi cha mwezi uliopita, maneno yaliyotutia sote mashaka. Alisema kwa heshima, na kwa kweli hakusema vibaya. Mama Hashimu akiondoka na pasiwe na mtu wa kuyatunza marundo, yatanuka, kima watarudi, na hapo hakuna ujanja. Pale nyuma patasawazishwa, patamwagwa kokoto, na basi la shule litapata pa kulala.

"Basi lilale kwenu, Mwalimu," Mama Hashimu alijibu. "Wanafunzi wangu hawajamaliza shule."

"Basi tafuta wa kukurithi, Mama. Ukimpata kabla ya siku ya kukuaga, mimi sina neno. Kokoto zitakwenda pengine."

Akaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa Dotto, kwa sababu Dotto ana mikono yenye nguvu na hujibu haraka. Alipelekwa Kidato cha Tatu, akaambiwa achomoe Monita. Alichomoa vizuri. Jongoo aliyekuwa amejizungusha kwenye fimbo ndiye aliyeharibu mambo. Dotto alikimbia na Monita mkononi mpaka bwaloni, akapanda juu ya meza, na Mama Hashimu akamfuata si kwa ajili ya Dotto bali kwa ajili ya Monita.

Wafanyakazi wengine kila mmoja alikuwa na sababu yake. Huyu ana mgongo, yule ana pumu, mwingine alisema ndoto zake zimemkataza. Jioni moja tukimenya viazi, Dotto akasema, "Si kuna Loveness?"

Loveness ni mimi. Nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria, na nikaushika zaidi.

Mama Hashimu alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mche uliopandwa kivulini. "Huyu? Huyu akiungua na sufuria, anaiomba radhi sufuria. Mwanangu, wewe ni mtoto mzuri. Lakini mboji haitunzwi na mtu wa kunong'ona. Nani atawafokea hao wa plastiki?"

Nikasema, "Kweli, Mama," na hakuna aliyenisikia.

Naomba asieleweke vibaya. Hakunisema kwa ubaya, na usiku huo alinipakulia ukoko wa wali, ambao huwa hampi mtu. Tena alisema kweli. Miaka minne shuleni hapa nilijibu maswali darasani mara chache hivi kwamba mwalimu wa jiografia alidhani nimehama.

Sasa nifike kwenye Jumapili.

Ilikuwa wiki mbili zilizopita. Mama Hashimu yuko Lukozi, goti linamsumbua, na kabla ya kuondoka alisema Kidato cha Pili kitapinduliwa akirudi. Usiku wa Jumamosi mvua ilipiga kama hasira, upepo ukaondoa majani ya mgomba. Asubuhi shule nzima ikaenda kanisani, nami nikabaki kwa sababu ya maharage. Nilikwenda nyuma kumwaga maganda, nikachomoa Monita wa Kidato cha Pili. Alikuwa wa baridi, na ananuka mayai viza. Rundo lilikuwa linazama. Wiki nzima ya joto ingeharibika, na siku ya kuaga ingefika likiwa limeoza vibaya, na kila mgeni angeinusa hoja ya kokoto mwenyewe.

Sikufikiri sana. Nilichukua jembe uma nikapindua rundo zima, juu likawa chini na nje likawa ndani. Kila nilipofika penye maji niliweka maranda makavu. Nililifunika upya, nikaegemeza mawe juu ya majani, nikanawa, nikarudi kwa maharage. Maharage hayakuungua. Naomba hilo lijulikane.

Aron alikuwa zamu siku ile. Alikuwa kwenye kibanda chake cha langoni, jua limemwangukia kifuani, kidevu nacho kimeangukia hapo hapo. Sitasema zaidi. Ni mtu mwema.

Jumatatu asubuhi kukawa na baridi safi, na mvuke wa Kidato cha Pili ukapanda mnyoofu kama wa chai. Mama Hashimu aliuona kutoka mlangoni. Alikwenda, akachomoa Monita, akamweka shavuni, akarudi jikoni polepole.

"Nani kapindua Kidato cha Pili?"

Dotto akainama kukoroga uji.

"Nauliza kwa Kiswahili. Nisije nikauliza kwa Kishambaa."

Nilifungua mdomo. Nilifungua kabisa. Lakini macho yake yalinipitia kama yanavyoipitia ndoo, yakaenda mbali zaidi, yakatua langoni.

"Aron!"

"Naam, Mama."

"Jana asubuhi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mama."

"Macho wazi?"

"Wazi kabisa."

"Basi umemwona aliyepindua."

Hapo Aron alikwama, na mimi ndiye pekee niliyeona jinsi alivyokwama. Akisema hakumwona mtu, basi alilala kazini. Akisema alimwona, ni nani? Akatazama lango, akatazama viatu vyake, akakohoa kidogo.

"Nyamaza, nimekuelewa," Mama Hashimu alisema, na sauti yake ikalainika ghafla. "Unaona haya. Wewe Zimamoto wangu!"

Jina hilo lina historia. Wiki yake ya kwanza kazini, Aron aliona mvuke ule wa asubuhi, akadhani marundo yameshika moto, akakimbia na ndoo za maji mpaka akazamisha Kidato cha Pili chote, wanafunzi wamesimama kwenye mabweni wakimshangilia. Mama Hashimu alimnunia mwezi mzima. Sasa aliona kwamba Aron, baada ya miaka yote hiyo, amelipa deni lake kwa siri, na jambo hilo lilimgusa mno. Alimpakulia wali na nyama mbili, akatangaza mbele ya jiko zima kwamba mrithi amepatikana. Aron alikula wali ule kwa utulivu wa mtu anayekula mlo wa mwisho.

Tangu siku hiyo anafundishwa. Hushika jembe uma kama mkuki, kwa mbali.

"Mama, hawa wadogo wekundu, wanauma?"

"Nyungunyungu? Wana meno gani, Aron?"

"Nauliza tu, Mama. Mtu huuliza."

"Ingiza mkono."

"Wote?"

Juzi alinikuta peke yangu kwenye bomba la maji. Akasema, bila kunitazama, kwamba anamwomba Mungu aliyepindua rundo lile ajitokeze, awe mtu au awe malaika, kwa sababu yeye usiku anaota majongoo wamevaa sare ya ulinzi. Nilitaka kumwambia. Nilisema tu, "Pole, kaka Aron," naye akasema asante, na ndoo yake ikafurika.

Mnaona basi hali ilivyo. Ijumaa, baada ya chakula, Mama Hashimu atamkabidhi Aron jembe uma mbele ya watu wote. Aron atalipokea kwa sababu hawezi kukataa. Kufikia Julai marundo yatakuwa yananuka, Agosti kima watakuwa juu ya paa, na Septemba kokoto.

Jumanne hii kikatokea kitu kingine. Nilikuwa nimepeleka maganda ya karoti Kidato cha Kwanza, hakuna mtu mwingine. Akaja Mwalimu Kristian na kikombe chake cha chai, anatembea kama mkuu wa shule atembeavyo saa nne, akiwa na maganda ya machungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akautupa wote, na nailoni yake, katikati ya darasa.

"Mwalimu!" Sauti ilitoka, na kwanza nilitafuta ilikotoka. "Toa hiyo nailoni! Hapa siyo jalala, hapa ni darasa!"

Mwalimu Kristian alisimama kama aliyepigwa picha. Hapo nikakumbuka jambo baya kuliko yote, kwamba nilikuwa sijamwamkia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akasema, huku tayari ameinama anautoa mfuko.

Dirisha la jikoni likafunguka. "Nani huyo anapiga kelele kwenye watoto wangu?"

Mwalimu alinitazama. Mimi nilitazama ardhi.

"Ni mimi, Mama Hashimu," alisema Mwalimu Kristian. "Nimejikwaa."

"Mbona sauti nyembamba?"

"Mafua, Mama."

"Njoo unywe tangawizi," akasema, akafunga dirisha.

Mwalimu Kristian akakunja mfuko ule vizuri, akautia mfukoni mwa koti. Aliniambia kwamba wote aliowaomba kuandika wasifu wa Mama Hashimu wana udhuru, wengi wao wakihofia kwamba atausahihisha mbele ya wageni. Akasema mwenye sauti ile hakosi maneno, akaniomba niandike mimi. Ndiyo sababu mnasoma jina langu hapa chini na si la mwalimu wa Kiswahili. Yeye ataupitia wasifu huu kabla haujapigwa chapa. Kama aya zinazonihusu mimi atazifuta, basi hamtakuwa mmezisoma, na mimi sitakuwa na cha kuwaomba.

Mama Hashimu, kwa niaba ya wafanyakazi na wasichana wote wa Kwezindo, waliopo na waliotawanyika, tunakushukuru. Umetulisha. Umetufundisha kwamba ganda si uchafu, ni kitu ambacho hakijamaliza masomo. Umetufokea kila mmoja kwa haki, bila kubagua cheo wala dini, na wengi wetu leo tukiwa mbali na macho yako bado hatuwezi kutupa kifuko njiani bila kugeuka nyuma. Nenda Lukozi ukapumzike. Goti lako lipone, wajukuu wako watenganishe taka bila kuambiwa mara mbili, mvua ijue siku ya kuacha, na kima wa huko wakuheshimu. Mwenyezi Mungu akupe miaka mingi yenye unyevu wa kiasi.

Na wewe uliyeshika karatasi hii kwenye chakula cha kumuaga. Huenda umekaa meza moja na Mama Hashimu. Usiwe na wasiwasi, yeye hatausoma wasifu wake mapema, ameshasema karatasi haina chumvi na ataanza na pilau. Kwa hiyo tunao muda, mimi na wewe. Nikipita na soda usinitazame usoni. Usimguse mwenzako kwa kiwiko. Usimnong'oneze Aron, najua utamwonea huruma, lakini avumilie mpaka sahani ziondolewe. Mama Hashimu atasimama na jembe uma, atakohoa, ataliita jina la Aron, na hapo nataka asikie kutoka kwangu mwenyewe, kwa sauti ile ile iliyomfanya Mwalimu ainame kuitoa nailoni, kwamba Jumapili ile ni mimi. Si kwa kusomewa. Si kwa kunong'onezewa. Mpaka nitakapofungua mdomo, nakuomba sana, iwe siri yetu.

Loveness Kaniki
Jikoni, Shule ya Wasichana Kwezindo